Kabla ya kulipa parseli Bukavu: kusoma udongo, kukata mteremko na kuweka fondasyo inayokaa

Shangazi yangu alinunua parseli yake, yaani kiwanja cha kujengea, huko Kadutu, komini mojawapo ya mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwezi wa saba. Kiangazi kilikuwa kimekolea, udongo mwekundu umekauka hata jembe linadunda, na komisionere (dalali) aligonga kisigino chini akamwambia, "Mama, hapa ni jiwe tupu." Akalipa. Akapandisha vyumba vinne vya matofali ya kuchoma, fondasyo (msingi) ya mawe, manjanja (mabati) mapya juu. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoingia, ufa wa kwanza ulitokea kwenye kona ya dirisha la sebuleni. Kufika Pasaka mlango wa nyuma ulikuwa haufungi. Mwaka wa tatu tulibomoa nusu ya nyumba kwa mikono yetu wenyewe ili tuokoe matofali.

Nimefanya kazi ya ujenzi kwenye vilima hivi miaka mingi tangu siku ile, na nyumba nyingi nilizoitwa kuzitazama zikiwa zimepasuka zina historia ileile: udongo ulitazamwa ukiwa mkavu, na hakuna aliyeuliza maji yatapita wapi. Udongo wetu unaweza kubeba nyumba ya ghorofa bila matata. Lakini una tabia mbili, na ile ya pili unaiona ukishalowa tu. Kwa hiyo shauri langu kubwa nalitoa mapema: nunua wakati wa mvua, chimba fondasyo wakati wa kiangazi. Wengi wetu tunafanya kinyume.

Mji huu umekaa juu ya nini

Chini ya Bukavu kuna lava ya zamani mno, basalti iliyomwagika mamilioni ya miaka iliyopita, bonde la ufa lilipokuwa likifunguka. Mvua na joto vimeiozesha polepole ikawa udongo wa mfinyanzi mwekundu, na pahali pengi unachimba mita nyingi kabla hujagusa mwamba mzima. Goma ni habari nyingine. Kule lava ni mbichi: ile ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na watu wamejenga juu yake. Fundi wa Goma anasawazisha mawe, anaanza ukuta. Shida yake ni kupata pa kuchimba shimo la choo. Akija Bukavu na mazoea hayo, akaweka fondasyo ya sentimita 40 kwa sababu "chini ni kugumu", anakuwa amejenga juu ya kitu kinachovimba, kinachosinyaa na kinachoteleza. Lubumbashi nako ni tambarare, mfinyanzi wa vichuguu unageuzwa matofali, na mtu anaweza kujenga maisha yake yote bila kufikiria mteremko. Hapa kwetu mteremko ndio mwanzo wa kila hesabu. Kutoka Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, mji unapanda mamia ya mita, na parseli iliyolala sawa kabisa ni chache kuliko watu wanaoitaka.

Mfinyanzi mkavu ni kama tofali. Maji yakiingia, mambo matatu hutokea kwa pamoja: udongo unakuwa mzito, unakuwa laini, na maji yaliyojaa ndani yake yanapunguza mshikano wa chembe moja na nyingine. Kwenye tambarare nyumba inazama kidogo upande mmoja. Kwenye mteremko, ardhi yote inaweza kuanza safari na nyumba ikiwa juu yake.

Funu ni mfano ambao kila mtu wa Kadutu anaujua. Ni mteremko mkubwa sana, wa kina kirefu, unaosogea. Sehemu zake nyingine mwendo wake huuoni kwa macho, nyingine zinavunja ngazi na kuta mwaka hadi mwaka. Watafiti waliolinganisha picha za angani za zamani na vipimo vya satelaiti walitoa matokeo yao mwaka 2022: kadiri mji ulivyojengwa juu ya mteremko huo ndivyo mwendo wake ulivyobadilika na kuongezeka kasi, kwa sababu nyumba zimebadilisha njia za maji juu na chini ya ardhi. Jambo hili linanigusa sana. Maana yake ni kwamba mkono wetu umo ndani yake, na maji ya paa lako yanaweza kuwa mzigo kwa jirani wa chini.

Hatua ya 1: nenda pale mvua ikinyesha

Vaa viatu vya mpira, chukua mwavuli, nenda. Mvua zetu zinaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka wa tano, kwa hiyo nafasi haikosi. Komisionere atakwambia njia ni mbaya, msubiri jua. Mwambie hilo ndilo unalotaka kuliona.

Anzia juu ya parseli, si ndani yake. Panda mpaka barabara au nyumba za mwisho juu yako, uangalie maji yanayoshuka yanaelekea wapi. Je, kuna kanivo (mfereji wa maji) iliyojengwa, au maji yanajichimbia njia? Kama kuna korongo linaloanza juu ya parseli au pembeni, tazama kichwa chake: udongo mwekundu ulio wazi, mizizi inayoning'inia, ukingo uliomeguka jana. Kichwa cha korongo hutembea kupanda mlima. Korongo lililo mita 15 chini yako leo si la kulipa kisogo.

Kisha shuka polepole ukitazama vitu vinavyosema bila kuulizwa. Mikaratusi iliyopinda chini halafu ikanyooka juu inaonyesha ardhi ilikuwa ikisogea miti ikiendelea kukua. Nguzo za umeme zilizoinama kuelekea bonde. Ngazi za saruji zilizoachana na ukuta. Matete au majani ya kibichi kabisa katikati ya mteremko mkavu: hapo maji yanatokea chini. Ardhi yenye mawimbi, kama shuka lililokunjwa, ni alama ya poromoko la zamani, na poromoko la zamani linaweza kuamka. Ukiona ufa ardhini wenye umbo la mwezi mwandamo, juu ya parseli au ndani yake, huna haja ya kuendelea na hatua zinazofuata. Rudi nyumbani na pesa zako.

Hatua ya 2: kaa na majirani, hasa wa chini

Anayeuza atakupeleka kwa jirani aliyemchagua. Wewe nenda kwa mwingine. Jirani wa chini ndiye anayejua zaidi, kwa sababu kila kibaya kinachotoka juu kinamfikia yeye. Msalimie vizuri, usianze na maswali ya bei. Muulize: Mama, mvua kubwa ikinyesha huwa mnalala? Ukuta huu ulijengwa mara ngapi? Hapa zamani kulikuwa na nini?

Swali la mwisho ni la thamani kubwa. Parseli nyingi zinazouzwa kwa bei ya kupendeza zilikuwa makorongo yaliyojazwa takataka na udongo wa kuletwa. Juu panaonekana sawa kama uwanja, ndani kuna mifuko ya plastiki, majani yaliyooza na udongo usioshindiliwa. Takataka zinaendelea kuoza na kushuka kwa miaka. Wazee wanakumbuka bonde lilipopita, hata kama karatasi haikumbuki.

Ingia pia ndani ya nyumba mbili tatu za majirani ukiruhusiwa. Nyufa za ngazi-ngazi zinazofuata viungo vya matofali, pana juu na nyembamba chini, zinaonyesha upande mmoja wa nyumba umezama. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye lipu peke yake hazinitishi.

Hatua ya 3: chimba mashimo

Omba ruhusa ya kuchimba kabla ya kulipa chochote. Muuzaji anayekataa shimo amekwisha kukujibu. Chimba matatu: moja upande wa juu, moja upande wa chini, moja pale unapotaka nyumba ikae. Yafikie mita 2 hivi, na zaidi kidogo ukitaka ghorofa. Hapa nasisitiza: mtu asishuke ndani ya shimo lenye kina cha zaidi ya mita 1.5 ambalo kuta zake hazijashikwa na mbao. Mfinyanzi huanguka ghafla na kwa uzito usioweza kuvutwa kwa mikono. Kwa kina zaidi tumia tariyeri ya mkono, ile ya kuzungusha, ambayo inatoa udongo bila mtu kushuka.

Toa udongo na uupange chini kwa mfululizo, kila sentimita 30 fungu lake. Unatafuta mabadiliko. Rangi nyeusi yenye mizizi juu ni udongo wa shamba. Huo lazima uondoke wote, haubebi nyumba. Wekundu unaoendelea ukiwa mgumu, mzuri. Rangi ya kijivu au madoa ya kijivu ndani ya wekundu ni mahali maji hukaa muda mrefu. Vipande vya matofali, plastiki, makaa: umejazwa huo, na fondasyo lazima ipite chini yake mpaka udongo wa asili. Ukikuta utando unaoteleza, laini kama sabuni, umelala kuelekea bonde, simama. Mara nyingi juu ya utando kama huo ndipo mteremko hukatikia.

Bonyeza kuta za shimo kwa kidole gumba, pale unapofikia bila kushuka kina hicho cha hatari. Gumba likiacha alama kidogo tu, udongo ni imara. Likizama bila nguvu, nyumba nayo itazama. Rudia kipimo hiki baada ya kumwaga bidoni mbili za lita 20 za maji na kusubiri mpaka kesho yake. Usiyafukie mashimo siku hiyo, yafunike kwa manjanja na mbao watoto wasianguke, na urudi kuona kama maji yamejitokeza chini yenyewe.

Hatua ya 4: vipimo vya mikono na chupa

Havichukui nafasi ya maabara, lakini vinakuepusha na makosa makubwa, na ni bure.

Chukua chupa ya plastiki safi, jaza udongo theluthi moja na maji sehemu iliyobaki, weka chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu. Mchanga hutulia ndani ya dakika moja. Vumbi laini, lililo kati ya mchanga na mfinyanzi, hufuata baada ya saa moja au mbili. Mfinyanzi unakaa kwenye maji mpaka kesho. Pima unene wa kila tabaka. Ukiona mfinyanzi umezidi nusu, jua utakuwa na kazi na maji.

Halafu lowesha udongo, ukande kama ugali, uusokote uwe kamba. Kamba ikifika wembamba wa spoki ya baiskeli bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi. Mwisho, tengeneza kijisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, paka mafuta ndani, jaza udongo uliolowa, weka kivulini wiki moja. Udongo utasinyaa na kuacha pengo. Pengo likifika sentimita 3, unasinyaa kiasi cha kuvuta fondasyo fupi kila kiangazi na kuisukuma kila masika.

Kwa ajili ya choo na maji machafu, chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande, kijaze maji usiku, asubuhi kijaze tena na upime. Kama maji yameshuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa nzima, shimo la kunywea maji halitafanya kazi pale. Watu hulichimba hata hivyo, na maji yanatafuta njia yao kwenye ukuta wa jirani.

Ukitaka kupanda ghorofa mbili au zaidi, tafuta mtaalamu wa jiolojia au injinia aje na penetrometa, kifaa cha kupima ugumu wa udongo. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kinafundisha jiolojia, na watu waliosomea vilima hivi wako hapahapa mjini. Malipo yao ni madogo mbele ya gharama ya ukuta mmoja ulioanguka.

Hatua ya 5: hesabu bei ya kweli

Hapa ndipo wawekezaji wanapojidanganya. Bei ya parseli ni sehemu tu. Unachonunua ni parseli pamoja na kila kitu kitakachofanya iwe ya kujengeka. Chukua karatasi tuhesabu pamoja.

Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina mzingo wa mita 36, na kuta za ndani tuseme mita 14. Jumla mita 50 za fondasyo. Kwa upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 80, unahitaji mita 20 za ujazo za mawe na saruji.

Sasa parseli ina mteremko, umeukata kupata uwanja, na nyuma umebaki ukuta wa udongo wenye urefu wa mita 3 na mapana mita 15. Ukuta wa mawe wa kuuzuia, wenye unene wa mita 1.5 chini na nusu mita juu, ni mita 45 za ujazo. Ongeza msingi wa ukuta wenyewe, upana mita 1.8 na kina sentimita 60: mita 16 nyingine. Jumla 61. Ukuta mmoja umekula mawe mara tatu ya fondasyo ya nyumba nzima, na bado hujanunua tofali hata moja. Kama lori la Fuso linakuletea mita 5 za ujazo, ni safari zaidi ya 12, na kama lori halifiki mlangoni, kila jiwe litapandishwa kichwani au mgongoni. Kina mama wanaobeba mawe haya kwenye ngazi za Kadutu wanastahili kulipwa vizuri; hesabu malipo yao tangu mwanzo, usije ukayakata mwishoni.

Weka hesabu hiyo pembeni ya parseli ghali iliyolala sawa. Mara nyingi ile "ghali" inatoka nafuu. Ukikopa ili ujenge upangishe, kumbuka pia kwamba ukuta ukichelewa mwaka mmoja ni mwaka mmoja bila kodi, na nyumba yenye nyufa haipati mpangaji wa kukaa wala mnunuzi wa bei nzuri.

Kuna parseli ambazo jibu lake ni nyumba nyepesi tu. Kama una ardhi ya familia kwenye mteremko unaosogea kidogo na huna pengine pa kwenda, nyumba ya mbao yenye manjanja inapinda bila kuvunjika, na inaweza kuhamishwa. Lakini mbao zimebanana mno katika mji huu na moto unazimaliza kwa mistari. Acha nafasi kati yako na jirani, jiko liwe mbali na ukuta.

Hatua ya 6: karatasi

Kwa kifupi, maana mada hii ina wataalamu wake. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali. Wewe unapata haki ya kuitumia. Fishi (karatasi) ya kutoka kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, haitoshi. Kinachokulinda ni cheti cha uandikishaji kinachotolewa na konservatere wa hati za ardhi, baada ya watu wa kadastre (ofisi ya upimaji wa ardhi) kupima na kuweka mipaka. Nenda kwenye ofisi yake mwenyewe, uliza parseli hiyo imeandikwa kwa jina la nani, na uliza watu wa mipango-miji kama sehemu hiyo imekatazwa kujengwa. Cheti kinathibitisha mwenye haki ni nani. Hakisemi lolote kuhusu udongo, na nimeona cheti safi kabisa cha parseli iliyokwisha kuteremka mtoni.

Hatua ya 7: kukata mteremko

Umenunua. Sasa subiri mwezi wa sita. Kata mwezi wa sita, ukuta umalizike wa saba, fondasyo iwe imefukiwa kabla mwezi wa tisa haujaisha. Mteremko uliokatwa na kuachwa wazi masika yote ni hatari kwako na kwa aliye juu yako. Zungumza naye kabla ya kuanza. Unachimba chini ya nyumba yake.

Usikate mita 6 kwa mkupuo. Kata ngazi mbili za mita 3, na kati yake acha uwanja mdogo. Ukuta wa mawe uwe na unene wa chini karibu nusu ya urefu wake, na uegemee mlima kidogo. Zaidi ya mita 3, mwite injinia.

Kinachoangusha kuta zetu ni maji yaliyofungiwa nyuma yake. Weka tabaka la kokoto safi la sentimita 30 kati ya ukuta na udongo, kuanzia chini hadi karibu na juu. Pitisha vipande vya bomba la plastiki kwenye ukuta kila mita 1.5, vikiinama kuelekea nje, ili maji yatoke. Juu ya ukuta jenga kanivo ya saruji ya kuyapokea maji kabla hayajaingia. Mafundi wengi wanaruka kokoto kwa sababu hazionekani kazi ikiisha. Simama pale wewe mwenyewe siku hiyo.

Udongo uliokatwa usiutupe upande wa chini ukaufanya uwanja, halafu ukaweka nusu ya nyumba juu yake. Hili ndilo lililoiua nyumba ya shangazi: vyumba viwili kwenye ardhi ya asili, viwili kwenye udongo wa kumwagwa, na ufa ulipita katikati kama umechorwa kwa rula. Nyumba nzima ikae kwenye sehemu iliyokatwa. Upande wa kumwagwa panda bustani, au weka ua. Ukilazimika kujaza, shindilia tabaka za sentimita 15 hadi 20, moja moja.

Hatua ya 8: fondasyo yenyewe

Mtaro wa fondasyo ufike udongo wa asili ulio imara, na kamwe usiwe chini ya sentimita 80. Kwenye mfinyanzi unaosinyaa nenda mita 1 au zaidi, pale ambapo jua na mvua havibadilishi unyevu sana. Chini ya mtaro pawe sawa kama maji kwenye sahani. Mteremko ukikulazimisha, shuka kwa ngazi, kila ngazi ikiwa bapa. Upande wa bonde ndio uwe na kina kikubwa kuliko yote. Usiache mtaro wazi siku nyingi. Mvua moja ikiulainisha, chota tope lote mpaka kugumu kabla ya kumwaga zege.

Juu ya mawe, funga mshipi wa zege unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, wenye feri (nondo) 4 za milimita 10 au 12 na pete kila sentimita 15 hadi 20. Funga mwingine juu ya madirisha. Feri zipindwe kwenye kona ziingie ukuta wa pili, zisiishie kwenye kona. Sababu yake ni zaidi ya udongo: tuko kwenye bonde la ufa. Jumapili asubuhi tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, na watu walikufa pande zote mbili. Nyumba iliyofungwa kwa mshipi chini na juu hutikisika kama sanduku moja. Isiyofungwa, kila ukuta unaenda njia yake.

Kama mashimo yalionyesha udongo laini kila mahali, kuna radye, zege la feri linalobeba nyumba nzima kama meli. Ni ghali, linataka hesabu ya injinia, na haliponyi mteremko unaosogea. Litasafiri nao.

Hatua ya 9: maji, kila siku

Bukavu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba likipigwa na mvua moja ya milimita 30, linamwaga lita 3,000, yaani bidoni 150, ndani ya alasiri moja. Bila mfereji wa paa, bidoni hizo zote zinamwagika kwenye mguu wa fondasyo yako.

Kwa hiyo mfereji wa paa ni sehemu ya fondasyo. Uwekwe pamoja na manjanja, usisubiri pesa za mwakani. Peleka maji kwenye sitirni (tangi la maji), maana mabomba yanapokauka utayashukuru, na yanayofurika yaende kwenye kanivo iliyosakafiwa mpaka mtaro wa barabara. Zunguka nyumba na sakafu ya saruji yenye upana wa mita 1 inayoinama kwenda nje. Shimo la choo na la maji machafu viwe mbali na ukuta wa kuzuia udongo, si nyuma yake kamwe. Bomba la maji likivuja chini ya ardhi, litengenezwe wiki hiyohiyo. Kama avenyu yenu haina kanivo, kutaneni na majirani Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, mchimbe pamoja, maana parseli moja peke yake haiwezi kuongoza maji ya kilima.

Mwaka wa kwanza wa mvua

Baada ya kuhamia, zunguka nyumba kila mwisho wa mwezi na kalamu ya risasi. Ukikuta ufa, weka alama mbili, moja kila upande, pima umbali kwa rula, andika tarehe ukutani. Unaweza pia kubandika kipande kidogo cha plasta (jasi) juu ya ufa. Kikipasuka, ufa unatembea. Ufa uliosimama miezi sita unazibwa na maisha yanaendelea. Ufa unaokua, tafuta kwanza maji: mfereji ulioziba, bomba, kanivo ya juu iliyomeguka. Mara nyingi ukiyaondoa maji unasimama wenyewe.

Ukisikia milango miwili mitatu imeanza kukwama kwa wiki moja, au ukiona mpasuko mpya ardhini juu ya nyumba, au chemchemi imetokea mahali palipokuwa pakavu, au maji ya kijito yamebadilika ghafla kuwa tope zito, usiketi kupima chochote. Toa watoto na wazee usiku huohuo, wapeleke kwa ndugu aliye mbali na mteremko, mwamshe jirani wa chini, kisha ndipo umpigie shefu wa kartie simu.